Tandiko na mkao wa mpanda farasi: tunayoamini na ukweli wake

"Kaa wima! Mguu umekimbilia mbele tena!" Kila aliyewahi kujifunza kupanda farasi ameshaambiwa hivyo, na wengi wanarudi nyumbani wakiamini mwili wao ndo mbovu. Hii ndo dhana inayoniuma kuliko zote, kwamba mkao ni juhudi ya mpandaji peke yake. Ukweli ni kwamba tandiko linaamua makalio yatatua wapi na mguu utaning'inia wapi kabla hata hujaanza kujitahidi. Cheki vile vyuma vinavyoshikilia mikanda ya vikuku vya kukanyagia, vikifungwa mbele sana kuliko pale tandiko lilipozama pa kukalia, mguu lazima uvutwe mbele na makalio yarudi nyuma, utajikuta umekaa kama uko kwenye kiti hata ukifokewa mwaka mzima. Na tandiko lililoinama upande wa nyuma linafanya hivyo hivyo. Mgriki Xenophon, karne ya 4 KK, alishaandika kwamba mpandaji asikae kama mtu wa kwenye kiti, awe kama aliyesimama wima ametanua miguu, na enzi hizo Wagriki hawakuwa hata na vikuku. Mpaka leo walimu wanaangalia mstari ule ule: sikio, bega, nyonga, kisigino. Yani farasi akiondolewa ghafla chini yako, utue kwa miguu yako na sio kwa makalio.

Sasa hapo hapo inazaliwa dhana nyingine, kwamba mkao sahihi ni huo mmoja kwa kila kazi. Hapana. Ukienda Ngong Racecourse pale Nairobi siku ya mashindano utaona majoki wamejikunja juu ya farasi, vikuku vifupi kabisa, makalio hayagusi kitu, na kuna watu wanasema hawa wanakaa vibaya. Hawajakaa! Magoti na vifundo vyao vinakunjuka na kukunjika ili mwili wa joki ubaki karibu usawa ule ule wakati farasi anapanda na kushuka chini yake, kwa hiyo farasi bado amebeba uzito ila halazimiki kuurusha juu na chini kila hatua. Mkao huu ulipata umaarufu Uingereza baada ya joki Mmarekani Tod Sloan kufika huko mwaka 1897, na mwaka 2009 watafiti wa Royal Veterinary College ya London walionyesha kwenye jarida la Science kwamba kipindi majoki walipoubadilisha mkao, karibu na mwaka 1900, muda wa mbio uliboreka kwa asilimia 5 hadi 7. Hebu fikiria, mpandaji kubadilisha tu namna ya kukaa.

Kwenye kuruka vizuizi aliyebadilisha mkao ni Federico Caprilli, ofisa wa jeshi la farasi la Italia aliyefariki 1907. Kabla yake wapandaji walifundishwa kuegemea nyuma farasi akiruka, matokeo yake wanamvuta mdomo na kumwangukia mgongoni, Caprilli akasema mwili uende mbele pamoja na farasi na mgongo wake uachwe huru. Ndo maana tandiko la kuruka lina mabawa ya pembeni yaliyosogea mbele ili goti lipate nafasi kikuku kikifupishwa, na lile la dresaji, mchezo wa kumwongoza farasi kwa hatua za ufundi, mabawa yake ni marefu yamenyooka. Ukimpa mwanafunzi tandiko la kuruka halafu umdai mguu mrefu wa dresaji, mtagombana bure.

Kuhusu kubana magoti ili usianguke: ukibana kwa nguvu, makalio yako yananyanyuka na mguu wa chini unaanza kupepea, unakuwa karibu zaidi na kuanguka. Kisigino nacho watu wanakisukuma chini kwa nguvu mpaka kifundo kinakuwa kigumu, wakati kinatakiwa kishuke chenyewe kwa uzito, kifundo kikiwa laini.

Ila dhana inayoumiza farasi moja kwa moja ni hii ya pedi, lile tandazo linalowekwa kati ya tandiko na mgongo: tandiko likibana, ongeza pedi nene. Jamani, kiatu kinachobana ukivalia soksi mbili kinabana zaidi. Fremu ya ndani ya tandiko ikiwa nyembamba kuliko mgongo, pedi inaongeza mgandamizo. Tandiko linatakiwa likae nyuma ya mfupa wa bega, kwasababu mfupa huo unarudi nyuma kila mguu wa mbele unapoenda mbele, na lisivuke ubavu wa 18 ambao ndo wa mwisho. Katikati lazima pawe na mfereji usiogusa uti wa mgongo kabisa. Ukitoa tandiko baada ya mazoezi ukakuta jasho kila mahali isipokuwa kidoa kimoja kikavu, chunguza, inawezekana hapo palibanwa au tandiko halikugusa kabisa. Nywele nyeupe zinazoota sehemu hiyo maana yake mgandamizo umeshaumiza mashina ya nywele.

Na uzito? Wengi wanaona tandiko la kimarekani, lile lenye pembe mbele ya kufungia kamba ya ng'ombe, wanasema ni mateso kwasababu linaweza kuzidi kilo 15. Ni zito kweli, lakini linasambaza mzigo kwenye eneo kubwa, na dogo jepesi lisilomtosha farasi linaweza kumuumiza zaidi. Hiyo haimaanishi uzito hauna maana. Mwaka 2008 watafiti wa Ohio, Marekani, waliwapima farasi 8 wakiwa na mizigo tofauti, na walipofika asilimia 25 na 30 ya uzito wao misuli iliuma zaidi kuliko kwenye 15 na 20. Hesabu hiyo inajumlisha mpandaji na tandiko.

Mwisho, farasi anayeng'ata au kukunja masikio unapokaza mkanda wa tumbo watu wanamwita jeuri, anachapwa. Mara nyingi ni maumivu, ya mgongo au hata vidonda vya tumbo. Na tandiko lililomtosha mwaka jana linaweza lisimtoshe leo, misuli yake inakua na kupungua kutokana na umri, malisho na kazi, kwa hiyo akibadilika tabia ghafla mwite daktari wa mifugo, na tandiko likaguliwe upya likiwa juu yake bila pedi.