Kilatini cha kujifunzia nyumbani: anza na ishara ya msalaba

Msimu wa maombi ya seminari ukifika meseji ninazopata zinafanana: kijana kasoma sekondari ya kawaida, hakupita seminari ndogo, mkurugenzi wa miito kamwambia akaze Kilatini kabla ya usaili. Anashangaa, maana Misa kaisikia kwa Kiswahili toka azaliwe. Sawa, ila Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 249, bado inataka mseminari akijue Kilatini vizuri, na hiyo misale ya Kiswahili altareni imetafsiriwa kutoka Kilatini. Kiwango wanachotaka kinatofautiana, jimbo na jimbo, shirika na shirika, so uliza kwanza kabla hujachoma bando.

Mi nafundisha hii lugha na ninachowaambia kwanza ni kwamba usijifunze kwa kupitia Kiingereza. Video na vitabu vingi vimeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye kwao kivumishi hakibadiliki, basi wanatumia kurasa na kurasa kumshawishi kwamba kivumishi kinafuata nomino yake. Wewe unasema kitabu kizuri, vitabu vizuri, hata hufikirii. Hiyo sehemu pita haraka.

Matamshi nayo hayana shida. Vokali ni zetu zilezile, gn ya Kanisa ni ny yetu (agnus ni "anyus"), ae inasomwa e, na c ikifuatwa na e, i au ae ni ch, hivyo caelis ni "chelis". Utakuta mtandaoni wengine wanasema "kailis", hao wanafuata matamshi ya Roma ya kale, waache kwanza. Angalia mkazo tu, maana sisi tunaupeleka silabi ya pili toka mwisho kila mahali, halafu mtu anasema "doMInus" wakati ni "DOminus".

Sasa kazi yenyewe. Nomino ya Kilatini inabadilika mwishoni kutegemea inafanya nini kwenye sentensi, na nomino zimegawanyika makundi matano, kila kundi na miisho yake. Watu wanachora yale majedwali ukutani wanayakariri kama tebo, wiki ya pili wamechoka. Chukua ishara ya msalaba: In nomine Patris et Filii et Spiritus Sancti. Patris, Filii, Spiritus, zote tatu zina ile "la" ya "kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu", ila miisho haifanani kwa sababu Patris ni kundi la tatu, Filii la pili, Spiritus la nne. Makundi matatu kwenye sentensi unayoisema kila siku!

Halafu tazama Spiritus Sancti. Nomino na kivumishi chake vimepatana lakini miisho yao haifanani, na hapa ndo wengi wanaanguka, wanatafuta maneno yanayoishia sawa wanayaunganisha. Kiswahili kina hiyohiyo: tunasema kiongozi mwema amefika, hakuna anayesema kiongozi chema kimefika. Upatanisho unaangalia nomino ni ya aina gani, sio inasikikaje.

Ndo maana neno jipya usiandike umbo moja. Andika rex, regis (mfalme, wa mfalme). Andika corpus, corporis (mwili, wa mwili), usije ukaliona -us ukaliweka kundi moja na dominus. Kitenzi andika maumbo yake manne, do, dare, dedi, datum, la sivyo ukikutana na dedit (alitoa) hutajua ukaitafute wapi kwenye kamusi. Hii inachosha, najua, haina njia ya mkato.

Ukifika kwenye vitenzi nenda Baba Yetu. Wanaofundishwa kwa Kiingereza wanaliogopa sana umbo la kutaka au kuomba, sisi tunalo: linatukuzwa, litukuzwe. Kilatini, sanctificatur, sanctificetur. A imekuwa e, kwao na kwetu! Usiizoee sana lakini, hiyo ni kwa vitenzi vya kundi la kwanza (vitenzi navyo vina makundi yake), makundi mengine yanachukua a yenyewe, kama adveniat (ufike) na fiat (lifanyike).

Ukimaliza sala ingia Injili ya Yohane kwenye Vulgata, ile Biblia ya Kilatini. In principio erat Verbum, et Verbum erat apud Deum. Maneno machache yanajirudia na habari unaijua tayari. Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, mwache, sentensi zake ndefu zitakukatisha tamaa bure. Fanya mistari michache kila siku, andika tafsiri kwa mkono, funga Biblia ya Kiswahili mpaka umalize ndo ulinganishe, na apu ya kutafsiri usiiguse, inakosea miisho halafu inakosea kwa kujiamini. Kama parokiani kuna frateri yuko likizo mwombe akusikilize ukisoma kwa sauti, wengi watafurahi, na kama hakumbuki vizuri mtarudia wote.