Kampuni kupokea mwanafunzi wa masta wa IT, maana yake nini hasa?

Huku Mwanza ukimwambia mtu kampuni fulani imepokea mwanafunzi wa IT, wengi wanaelewa fildi, yani yule kijana wa digrii ya kwanza anakuja wiki kadhaa, anapewa kiti pembeni, anatumwa kubadilisha wino wa printa, siku ya mwisho anajaziwa logibuku na kugongewa muhuri basi kwaheri. Fildi ina kazi yake sikatai, lakini mwanafunzi wa masta ni habari nyingine, na kampuni ikimpokea kwa akili ya fildi inampotezea muda na yenyewe inatoka mikono mitupu.

Mtu wa masta digrii anayo tayari, na wengine washakaa kazini miaka. Hahitaji kuonyeshwa ofisi inafananaje. Anahitaji tatizo. Masta nyingi zinaanza na masomo ya darasani halafu inafuata tasnifu, yani lile andiko kubwa la utafiti la kumalizia, na tasnifu ya IT haiwezi kusimama vizuri kama tatizo lenyewe kalitunga akiwa hosteli. Kwahiyo kumpokea ni hivi: kampuni inampa tatizo lake la kweli, inamfungulia mlango aone kazi inavyoenda, inamteua mtu mmoja kumlea, na chuo nacho kinabaki na supavaiza wake. Wa chuo anaangalia kama utafiti umesimama, wa kazini anaangalia kama kitu kitatumika pale kweli au kitaishia kwenye makabrasha.

Kuna sehemu wameshalijenga hili ndani ya kozi. Taasisi ya Nelson Mandela, chuo cha sayansi na teknolojia kule Arusha, ina masta ya mifumo ya kompyuta inayokaa ndani ya vifaa pamoja na mifumo ya simu, ni mpango wa Afrika Mashariki uliosaidiwa na Wajerumani, na mwanafunzi anapelekwa kwenye kampuni na mradi wake wa tasnifu unatoka huko huko.

Sasa tulete nyumbani. Chukulia kiwanda cha minofu ya sangara hapa mjini. Samaki anashuka kwenye boti, anapimwa, anapewa namba ya kundi, anaingia kwenye baridi, na joto la chumba mtu analiandika kwa kalamu kwenye daftari kila baada ya muda. Rekodi hizo sio za kujifurahisha, mnunuzi wa Ulaya anataka kujua samaki katoka wapi na kapita wapi, na wanaokumbuka mwaka 1999 wanajua Ulaya walivyofunga mlango kwa samaki wa ziwa hili kwa hofu ya sumu, na wanajua hali ilivyokuwa ngumu viwandani na kwa wavuvi. Kiwanda kinamwambia mwanafunzi, tunataka joto lirekodiwe lenyewe na likipanda meneja apate meseji. Mwanafunzi anaunga kifaa chake, anakichomeka ukutani, kinasoma vizuri, grafu zinapendeza kwenye kompyuta. Halafu fundi wa majokofu anapita anauliza swali moja tu: umeme ukikatika? Kwasababu umeme ukikatika ndo joto linapanda, na kifaa kimechomeka kwenye umeme ule ule, maana yake saa inayohitajika meseji ndo saa ambayo kifaa kimezima. Hapo mwanafunzi anarudi kuweka betri, anafikiria na mtandao wa simu ukiyumba data ikae wapi mpaka urudi, na tayari tasnifu yake imepata sura ambayo maabara ya chuo isingempa.

Angalia nani kafundisha hapo. Fundi wa majokofu, mtu ambaye pengine hajawahi kuandika programu hata moja. Ndo maana nasema wenye biashara wanaojitoa kwa kusema sisi hatuna wataalam wa IT wa kumlea mtu wa masta wanajinyima bure. Mlezi wa kazini awe ni mtu anayeijua kazi, basi. Ya kitaalam chuo kipo.

Ila huyo mlezi lazima apewe muda, na hapa ndo kampuni nyingi zinaharibu. Unakuta mtu wa IT ni mmoja, rauta yake, mashine ya risiti yake, kompyuta ya mhasibu ikigoma ni yeye, halafu na mwanafunzi anabandikwa juu. Atamkimbia tu, na sio kwa ubaya. Bora bosi atamke wazi kwamba mfano kila ijumaa asubuhi fulani anakaa na mwanafunzi, na wakikaa swali lisiwe umefika asilimia ngapi, amwambie nionyeshe kinachofanya kazi leo, kimegoma wapi, umeongea na nani anayekitumia. Na mwanafunzi akileta jibu ambalo kampuni haikulipenda, mfano kwamba sistimu iliyonunuliwa kwa hela nyingi tatizo lake liko kwenye data inayoingizwa, asikilizwe, maana kuletewa jicho la nje ni nusu ya faida yenyewe.

Kuhusu data, tuwe makini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, kwahiyo hospitali au sakosi haiwezi kumkabidhi mwanafunzi faili la wateja na majina na namba za simu eti kwakuwa ni mtoto wa watu mwaminifu. Apewe nakala iliyotolewa majina, asaini kutunza siri, na awe na akaunti yake mwenyewe, sio paswedi ya meneja iliyobandikwa kwenye monita. Tena mkae mapema na chuo mkubaliane nini kitaandikwa kwenye tasnifu, maana tasnifu inawekwa maktaba watu wanasoma, jina la kampuni linaweza kufichwa, na ile programu ikikamilika ni ya nani iandikwe kabla mtu hajagusa kibodi. Hili likiachwa mwisho linavunja urafiki.

Na posho jamani. Mtu anaishi Malimbe kampuni iko Igoma, kwenda na kurudi kila siku, bando lake, chakula cha mchana, na kazi anayofanya mngeajiri mtu mngelipa. Kama mshahara hamuwezi, nauli na bando mnaweza. Naumia nikiona mtu mwenye kichwa kizuri anaacha mradi katikati kwasababu ya nauli.

Kuanza sio lazima mradi mkubwa wala uwe Dar. Andika barua kwa mkuu wa idara ya kompyuta ya chuo, ukurasa mmoja, useme tatizo ni nini, data ipo ya namna gani, mlezi ni nani, na mtamsaidia nini. Usiandike tunahitaji mwanafunzi wa IT, andika tunapoteza mizigo kati ya Kirumba na ghala na hatujui inapotelea wapi. Na ipeleke wakati bado wako darasani, kabla hawajapitisha mada zao, kwasababu mada ikishapitishwa kuibadilisha ni kazi na mwanafunzi aliyekufaa atakuwa ashaenda kwingine.