Moshi wa Septemba Mbeya: unatoka wapi, na upi unaumiza kifua?

Mwezi wa tisa mlima Loleza hauonekani vizuri kutoka mjini. Kinachoufunika ni nini?

Zaidi ni moshi na vumbi. Kiangazi mashamba na nyasi huchomwa hapa kwetu, na vilevile Zambia, Kongo na Angola, na moshi husafiri mbali. Hapo hujaweka malori ya njia ya Tunduma, barabara za vumbi na majiko ya kuni. Asubuhi hewa ya baridi hutuama bondeni, moshi ukakosa pa kutokea mpaka jua lipande.

Si majivu ya volkano? Rungwe si uko hapo tu?

Rungwe umelala. Jirani yake Kyejo ulitoa lava karibu mwaka 1800, basi. Mlipuko mkubwa wa volkano huchafua zaidi tabaka la juu la hewa, ambalo kwa nchi za joto huanzia kama kilomita 16 hivi kwenda juu. Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka mwaka 1991, gesi yake ya salfa iligeuka matone madogo ya asidi yaliyozunguka dunia kwa zaidi ya mwaka, na joto la dunia likashuka karibu nusu digrii. Huko juu kuna pia vumbi la vimondo na moshi wa maroketi, hata ule wa moto mkubwa wa misitu ya Australia wa 2019 na 2020 ulifika huko. Lakini huvuti pumzi huko.

Basi chembe zipi za moshi zinadhuru?

Chembe zisizozidi mikromita 2.5 (mikromita ni milimita moja ukiigawa mara elfu); unene wa unywele ni kama 70. Pua haizinasi. Hufika ndani kabisa ya mapafu, nyingine huingia kwenye damu, ndiyo maana zinahusishwa na pumu, shambulio la moyo na kiharusi. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linataka wastani wa mwaka wa chembe hizi usizidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo. Jiko la kuni lisilo na dirisha huvuka hapo kwa mbali sana.

Nikijifunga leso?

Leso huzuia vumbi la kuonekana tu. Afadhali utoboe dirisha jikoni, ukaushe kuni, na mtoto mchanga asibebwe mgongoni wakati wa kupika. Na jiko la mkaa la kuotea moto lisilale nanyi chumbani, hata baridi ya Julai iwe kali vipi: gesi yake haina harufu, na inaua.

Mtoto anakohoa. Niende hospitali lini?

Mhesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Zikifika 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, au 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, mpeleke siku hiyohiyo. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, usingoje kupambazuke.