"Malaria sugu" si ugonjwa mmoja

Mgonjwa wa Mbagala au Tandale akimwambia daktari, "Mimi nina malaria sugu," mara nyingi anamaanisha kwamba alimeza dawa mseto ya malaria, akapata nafuu, kisha baada ya wiki tatu homa ikarudi. Jina hilo linatusumbua sisi tunaokaa na darubini, maana limefunika mambo ambayo tiba zake hazifanani.

Kwanza tunauliza dozi ilimezwaje. Mseto wa ALu (artemether na lumefantrine) kwa mtu mzima ni vidonge 24: vinne kila mara, mara sita, kwa siku tatu. Dozi ya pili humezwa yakipita masaa manane tangu ya kwanza. Zinazofuata ni asubuhi na jioni. Dawa hii hutaka mafuta ili iingie vizuri mwilini, kwa hiyo chai ya rangi peke yake haifai. Kunywa maziwa, au kula chapati, au wali wa nazi wa jana. Ukitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi hiyo. Halafu kuna mchezo wa siku ya pili: homa imeshuka, vidonge vilivyobaki vinafungiwa kabatini akiba ya mtoto. Vimelea vilivyosalia kwenye damu huzaana upya, na lawama anatupiwa mwenye duka la dawa.

Kipimo nacho kinaweza kukuchanganya. Kile cha haraka cha tone la damu hutafuta protini ya kimelea, na protini hiyo yaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya kupona. Ukipima tena mapema utaambiwa una malaria ambayo huna. Omba damu iangaliwe kwa darubini. Kama haina kimelea, huenda homa ina chanzo kingine. Hapa Dar es Salaam dengi tunaijua vizuri tangu milipuko ya 2014 na 2019.

Ipo, hata hivyo, malaria inayorudi bila mbu mpya kukuuma. Falciparum, aina ya kimelea cha malaria ambayo ndiyo nyingi kwetu, haina tabia hiyo. Wenye nayo ni aina za vivax na ovale: baadhi ya vimelea vyao hujificha kwenye ini vikiwa vimelala, kisha huamka baada ya wiki au miezi. Mseto husafisha damu tu, wale wa kwenye ini hauwagusi. Ovale tunayo nchini. Vivax ni adimu hapa lakini imejaa India na Ethiopia, kwa hiyo aliyekwenda huko kwa matibabu au biashara aseme.

Dawa ya ini ni primakwini, kwa kawaida siku 14. Usijinunulie. Watu wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, na tunao wengi, huvunjikiwa chembe hizo wakiimeza, hivyo kipimo cha G6PD hutangulia. Mjamzito hapewi. Mkojo ukigeuka mweusi, acha dawa uwahi hospitali.

Na wengine wameumwa na mbu upya tu: sikukuu Lindi, Kigoma au Geita, usiku bila chandarua, kisha basi la kurudi mjini.

Ukija, njoo na pakiti ya dawa uliyomeza mara ya mwisho, hata kama ni tupu.