Kufundisha Kiingereza Palestina: yanayosemwa mitaani na hali ilivyo

Jioni mbili kwa wiki najitolea kuzungumza Kiingereza kwa simu ya video na vijana wa kambi moja ya wakimbizi karibu na Bethlehemu. Nikilitaja hilo, maswali huwa yaleyale. Walimu wenzangu hapa Tanga huuliza kama kweli wale vijana wamemkubali mwalimu wa Kiafrika. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne huuliza kama kule kuna shule. Na wapo vijana wanaotaka kwenda wenyewe, wengine wameshaulizia nauli ya ndege. Nimeona niyaandike yale ninayoyasikia mara nyingi, kwa sababu anayefunga safari akiwa na picha ya uongo kichwani anaweza kuwaumiza haohao anaotaka kuwasaidia.

"Kule hawajui Kiingereza, na walimu hakuna"

Hii ndiyo kongwe kuliko zote, na ndiyo inayonichoma zaidi. Katika shule za Wapalestina Kiingereza kinaanza darasa la kwanza, na mtaala wao uko hivyo tangu mwaka 2000. Mtoto husoma miaka 12, kisha hukaa mtihani wa mwisho uitwao tawjihi, na siku ya matokeo mtaa mzima hauna utulivu, kama kwetu yanapotoka ya kidato cha nne. Watu wazima wasiojua kusoma na kuandika ni wachache sana. Vyuo vikuu wanavyo: Birzeit, An-Najah cha Nablus, cha Bethlehemu, cha Hebron. Jeshi la Israel lilipoifunga Birzeit kwa amri kuanzia Januari 1988 hadi 1992, masomo yalihamia majumbani, wahadhiri wakiwafuata wanafunzi sebuleni.

Gaza nako walikuwapo walimu wa Kiingereza wa kiwango cha juu. Refaat Alareer alifundisha fasihi ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Gaza, akiwasomesha vijana Shakespeare, mpaka alipouawa katika shambulio la anga la Israel Desemba 2023. Vyuo vikuu vya Gaza vimebomolewa au kuharibiwa katika vita iliyoanza Oktoba 2023. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba hawa ni watu wasiothamini elimu au wasio na waelimishaji. Wanao, na wengine wameuawa.

Kinachopungua ni mtu wa kuzungumza naye. Darasa limejaa, mtihani unapima zaidi kusoma na kuandika, na kijana anayeishi kati ya ukuta uliojengwa na Israel na vizuizi vya barabarani hakutani na wageni kila siku. Sarufi anaijua, pengine kuliko nilivyoijua mimi katika umri wake. Lakini muulize kwa Kiingereza ameshindaje, anaganda. Aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hapa Tanzania, kisha akaingia kidato cha kwanza akakuta kila kitu ni Kiingereza, anaujua ukimya ule. Jibu unalo, mdomo haufunguki.

"Lazima uwe Mwingereza au Mmarekani"

Ni kweli baadhi ya matangazo ya nafasi hizi hutaka mtu aliyezaliwa na lugha hiyo. Kwa kazi hii sikubaliani nayo. Aliyejifunza Kiingereza ukubwani, au shuleni kwa jasho, anajua kinapouma. Nitoe mfano mmoja.

Kiarabu hakina sauti ya p. Kijana akitaka kusema ameegesha gari, maegesho yanageuka kuwa kubweka kwa mbwa, "park" inakuwa "bark", maana p imekuwa b. Kumwambia arudie tu hakusaidii, kwa sababu sikio lake halizitenganishi sauti hizo. Nilichana kipande cha karatasi nyepesi nikakishika mbele ya midomo yangu, karibu kabisa na kamera. Nikisema p, karatasi inaruka. Nikisema b, inatulia. Wakachana karatasi zao. Kwa dakika kumi nilikuwa naona vipande vya daftari vikipepea mbele ya nyuso kumi na moja, na msichana mmoja aliyekuwa hafungui kinywa wiki tatu alipiga kelele ya furaha karatasi yake iliporuka.

Kiarabu pia hakihitaji neno la "ni" kwa wakati uliopo. Mtu husema "mimi mwanafunzi" na sentensi imekamilika. Kwa hiyo anapoliacha neno hilo katika Kiingereza hajazembea, amefuata kanuni ya kwao. Mzungumzaji wa lugha zaidi ya moja hulielewa jambo hili upesi, na huvumilia.

Na sisi tuna mlango ambao Mwingereza hana. Daftari, kalamu, sabuni, habari: haya wanayasikia wanatabasamu. Nilipohesabu kwa Kiswahili walikaa kimya mpaka nilipofika sita, saba. Hapo wakadakia wenyewe, na kwenye tisa wakadakia tena. Mwalimu wa kiume wao humwita ustaz, kwa hiyo tangu siku ya kwanza nimekuwa ustadhi, ingawa kwetu jina hilo ni la mwalimu wa dini.

Ukweli ni huu: anayehitajika ni mtu mwenye Kiingereza kinachoeleweka, mwenye maandalizi na mwenye subira. Rangi ya pasipoti haifundishi mtu kutamka.

"Ni kupiga soga tu, hakuhitaji maandalizi"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea mwenyewe.

Wiki zangu za mwanzo nilichukua mazoezi kutoka kwenye kitabu cha kawaida cha Kiingereza. Zoezi lilisema: eleza likizo yako ya mwisho ufukweni. Nikalisoma kwa sauti, nikasubiri. Hakuna aliyejibu. Nikadhani ni msamiati, nikaanza kuwaeleza maana ya mchanga na mawimbi. Mwishowe msichana mmoja akasema kwa Kiingereza, taratibu, kwamba hajawahi kuiona bahari. Kutoka Bethlehemu hadi Bahari ya Kati ni chini ya kilomita 70, lakini Mpalestina wa Ukingo wa Magharibi, eneo linalokaliwa na Israel ambamo Bethlehemu imo, huhitaji kibali cha Israel kuifikia. Wenzake wengi walitikisa vichwa kukubaliana naye.

Niliona aibu. Kisha kijana mmoja akaniambia: wewe unayo bahari, sema wewe. Basi nikawaeleza bahari ya Tanga. Nikawaambia maji yanavyokupwa asubuhi yakaacha mistari mchangani, ngalawa zinavyolala ubavu, akina mama wanavyowasubiri wavuvi na ndoo zao. Maswali yakaanza kumiminika. Maji yanakwenda wapi? Je, kuingia mnalipa? Yule msichana akauliza kama njiani kwenda baharini kuna kizuizi cha askari. Sentensi yake ilikuwa sahihi neno kwa neno. Wiki iliyofuata ilikuwa zamu yao, wakanieleza mavuno ya zaituni: turubai linavyotandazwa chini ya mti, matawi yanavyochanwa kwa vidole au kwa kichanio, mzozo wa nani apande ngazi. Siku hiyo nilisema maneno machache mno, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Tangu hapo naandaa kila kipindi. Naanza na mambo ambayo kila mmoja ana la kusema: chakula, mpira, ndugu anayekoroma. Siulizi wamesafiri wapi. Siulizi kazi ya baba mpaka wanieleze wenyewe, kwani baba anaweza kuwa gerezani au amefariki. Sikati sentensi ya mtu kila anapokosea; naandika makosa pembeni, mwishoni tunarudia mawili au matatu. Nawagawa wawili wawili ili kila mmoja azungumze. Na simlazimishi mtoto kunisimulia usiku ambao askari waliingia nyumbani kwao eti kwa sababu ni zoezi zuri la wakati uliopita. Akitaka kusimulia, kazi yangu ni kumpa maneno yanayomkwama.

"Palestina ni Gaza, kambi ni mahema, na wote ni Waislamu"

Mara nyingi haya matatu huja pamoja. Wapalestina wako Gaza, Ukingo wa Magharibi na Yerusalemu Mashariki, na wengine ni wakimbizi katika nchi jirani. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuwahudumia wakimbizi wa Kipalestina, UNRWA, lililoundwa mwaka 1949, linatambua kambi 58 katika Ukingo wa Magharibi, Gaza, Jordan, Lebanon na Syria. Kambi ya Balata huko Nablus ni ya mwaka 1950; mahema yaliondoka zamani, leo ni nyumba za matofali zilizopandiana juu kwa sababu eneo halikuongezwa, na vichochoro vingine ni vyembamba hata kupishana ni shida. Kuhusu dini, Bethlehemu, Beit Sahour, Beit Jala na Ramallah kuna Wakristo wa Kipalestina ambao makanisa yao ni ya kale kuliko dini hiyo kufika kwetu. Mtu asiende akidhani ni kazi ya dini yake, iwe ipi.

"Ubalozi wa Palestina utanipa viza"

Ubalozi wa Palestina upo Dar es Salaam, upo na Nairobi. Lakini hauna mamlaka ya kukuingiza, kwa kuwa mipaka haiko mikononi mwao. Uwanja wa ndege unaofanya kazi hawana. Ule wa Gaza uliofunguliwa mwaka 1998 uliharibiwa na Israel miaka michache baadaye. Anayekwenda Ukingo wa Magharibi hupitia uwanja wa Ben Gurion nchini Israel au daraja la Allenby akitokea Jordan, na njia zote mbili mwenye kukubali au kukataa ni Israel. Mkenya na Mtanzania huhitaji viza ya Israel kabla ya safari. Tangu Oktoba 2022 upo utaratibu maalumu kwa wageni wanaotaka kukaa Ukingo wa Magharibi, na kujitolea kunaombewa kibali. Tangu 2017 sheria ya Israel inaruhusu kumzuia mgeni aliyetoa wito wa kuisusia nchi hiyo, kwa hiyo ulichoandika mtandaoni kinaweza kuulizwa.

Wengine hushauriwa waseme ni watalii. Nawasihi wasifanye hivyo. Ukigundulika unarudishwa na unaweza kufungiwa miaka, na wenyeji waliokualika ndio wanaobaki na maswali.

Gaza haifikiki kwa mtu binafsi anayejitolea. Kwingineko hali hubadilika kutoka mji hadi mji: mwanzoni mwa 2025 wakazi wa kambi za Jenin, Tulkarm na Nur Shams walihamishwa na jeshi la Israel, makumi ya maelfu ya watu wakaachwa bila makazi, wakati miji mingine masomo yaliendelea. Usikate tiketi kwa habari za mwezi uliopita. Waulize wenyeji, waulize wiki hiyohiyo.

"Kujitolea ni bure"

Si bure. Nauli, bima, viza na chakula mara nyingi ni vyako, na programu nyingi hutoza ada. Uliza ada hiyo inakwenda wapi. Kituo cha wenyeji kitakwambia bila kusita kwamba ni ya pango, chakula na mratibu. Asiyeweza kukueleza, muache.

"Wiki mbili zinatosha kubadilisha maisha yao"

Wiki mbili zinatosha kujua majina. Watoto wa kambini wamezoea wageni wanaokuja, wanaopiga picha, wanaolia wakati wa kuondoka na hawaandiki tena. Kituo kikitaka ukae miezi mitatu, si kwamba kinakubana, kinawalinda watoto. Picha nazo ni hivyo hivyo. Uso wa kijana ukiuweka hadharani na jina la kambi yake, hujui utamrudia vipi siku anaposimamishwa kwenye kizuizi. Mimi sina hata picha moja ya darasa langu.

"Usiposafiri, hujajitolea"

Kwa wengi wetu hili ndilo jibu lenyewe, na silioni kuwa la daraja la pili. Majira yao ya joto saa yao na yetu ni moja. Majira ya baridi sisi tuko mbele kwa saa moja tu, jambo ambalo mtu wa Marekani hawezi kulipata. Kituo cha vijana hutenga chumba, kompyuta moja na spika, au kila kijana hutumia simu yake. Umeme ukikatika kwao au kwetu, tunahamia ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp: natuma swali, kila mmoja ananijibu kwa nusu dakika. Wapo waoga wanaozungumza vizuri zaidi kwa njia hiyo, kwa sababu wanaweza kufuta na kurekodi upya kabla ya kutuma.

Anayetaka kuanza aandike kwa kituo cha vijana, maktaba ya jamii au idara ya lugha ya chuo kikuu, aseme anaweza siku gani na kwa miezi mingapi, kisha azitimize. Dakika 45 mara mbili kwa wiki zinatosha. Yule msichana wa bahari sasa yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Juzi aliomba tufanye mazoezi ya usaili wa chuo, na tukaanza na jina lake, herufi kwa herufi, kwa sauti ya kusikika.