Je, wajua kwa nini chenso inakata gogo fasta, ila ikianza kulipasua inateseka?

Kuna kitu ukikiona mara ya kwanza hakiingii akilini. Fundi anawasha chenso, yaani msumeno wa cheni unaoendeshwa na injini, anakata mvule mnene kwa kukingama, muda si mrefu kipande kiko chini. Halafu chenso hiyohiyo, cheni hiyohiyo, mti huohuo, anataka kulipasua gogo kwa urefu ili liingie kwenye mashine ya mbao, na hapo sasa injini inalia, moshi unatoka, kinachotoka kwenye cheni ni unga mwembamba kama sembe, na muda unakwenda hajasogea hata hatua moja. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni shambani huko Muheza nikadhani cheni imekufa. Haikufa. Fundi alishusha mkono wa chenso akailaza ile baa, yaani lile bapa refu la chuma ambalo cheni inazunguka, ikawa imelala juu ya gogo, na papo hapo yakaanza kumwagika maranda marefu kama tambi. Cheni haikunolewa, injini haikuguswa, kilichobadilika ni mlalo wa baa tu.

Sasa kwa nini?

Fikiria ufagio wa chelewa. Mti ndivyo ulivyo ndani, nyuzi nyembamba nyingi mno zimelala kufuata urefu wa shina, zimegandana kwa gundi ya asili. Nyuzi zenyewe ni ngumu kukatika, lakini kuachana moja na nyingine ni rahisi zaidi, na ndo maana kuni inapasuka kwa shoka ukiipiga kwenye kichwa, ila ukiipiga ubavuni shoka linadunda. Kila kitu kuhusu chenso kinatoka hapo.

Ukikata kwa kukingama, jino la cheni linafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kona yake ya pembeni inachana nyuzi upande mmoja wa mfereji, yaani ile njia cheni inayoichimba kwenye mti, jino linalofuata linachana upande wa pili, halafu sehemu ya juu ya jino inabandua kile kipande cha katikati. Na kipande hicho kinabanduka kirahisi kwa sababu nyuzi zake zimeshakatwa huku na huku, kilichobaki ni kuziachanisha tu na za chini yake. Yaani mti wenyewe unakusaidia. Unatoka na vipande vizuri vinene.

Ukipasua kwa urefu huku baa imesimama wima, ncha inaangalia chini, jino linakutana na vichwa vya nyuzi. Ni kama umesimamisha ule ufagio wa chelewa halafu unataka kuupunguza kutokea kwenye ncha zake, kidogokidogo, kila njiti lazima ikatwe na hakuna hata moja inayobanduka yenyewe. Hapo mti haukusaidii chochote. Ndo maana unatoka unga, na ndo maana injini inabeba mzigo wote muda wote bila kupumua.

Ila ukiilaza baa ifuate urefu wa gogo, cheni inakimbia sambamba na nyuzi, na jino linageuka kuwa randa ya seremala. Linabandua. Zile tambi ndefu ni nyuzi zilizobanduliwa zikiwa nzima. Kazi inaenda haraka sana, shida yake moja ni kwamba maranda yanajaa kwenye kifuniko cha pembeni pale cheni inapozungukia, yakiziba pale cheni inakwama na joto linapanda, kwa hiyo mafundi wengi wanaishika baa kwenye mlalo wa katikati, si wima si kulala kabisa, ili maranda yatoke mafupi na yasizibe. Ni kitu kidogo lakini ndicho kinachotenganisha fundi anayemaliza gogo kabla ya mchana na anayelimaliza kesho yake.

Na hilo jino lenyewe lina historia inayonifurahisha kila nikiikumbuka. Zamani cheni za misumeno zilikuwa na meno kama ya msumeno wa mkono, yanakwaruza tu na yanaisha haraka. Mwaka 1946 mkata miti mmoja wa Oregon huko Marekani, Joseph Buford Cox, alikuwa anapasua kuni akaona buu la mbawakawa linatafuna kisiki. Buu lile lilikuwa linakula mti kwa kukingama na kwa urefu vilevile bila shida, taya zake zinafanya kazi kwa kupokezana, kushoto halafu kulia. Cox akatengeneza cheni yenye meno yaliyopinda, moja linaangalia kushoto linalofuata kulia, mwaka 1947 akaanza kuiuza kutoka chini ya nyumba yake mjini Portland, na cheni karibu zote tunazoziona leo ni watoto wa ile. Mtu aliinama akamwangalia mdudu kwa makini, basi.

Turudi kwenye gogo. Swali linalofuata ni kwa nini ulipasue kabisa, si ulipeleke kwenye mashine lilivyo? Piga hesabu. Gogo la mvule lenye kipenyo cha sm 120 na urefu wa mita 3 lina ujazo wa karibu mita za ujazo 3.4, na mti mbichi ukiuchukulia una uzito unaokaribia wa maji, hapo una zaidi ya tani 3 zimelala chini. Watu sita hawalisogezi. Na mashine nyingi ndogo za msumeno wa mkanda zinapokea gogo la kipenyo cha sm 70 hadi 90, basi. Ukilipasua mara mbili kupitia kwenye kiini unapata robo nne, kila moja kama kilo 850, upana wa sm 60 kutoka kiini hadi gome, inaviringishwa kwa miti na kamba, inapanda mashineni.

Kuna faida nyingine ambayo wengi hawaijui na mimi naiona ndo kubwa zaidi. Mti ukikauka unanywea, lakini haunywei sawa pande zote, kuuzunguka mduara unanywea kama mara mbili ya unavyonywea kutoka gome kwenda kwenye kiini. Gogo zima likikaa juani halina pa kwenda, lazima lichanike, unaona ule ufa mkubwa unaotoka nje mpaka kwenye kiini na mbao zako za katikati zimekwenda. Gogo lililopasuliwa mapema lina pa kunywea, ile robo inajibana taratibu bila kuchanika vibaya. Na mbao zinazotoka kwenye robo, ukizipanga vizuri, zinapinda kidogo kuliko zile zilizokatwa gogo zima kama mkate, muulize fundi yeyote wa milango.

Utauliza kwa nini wasitumie kabari na nyundo tu, bure bila petroli. Kwa mti wenye nyuzi zilizonyooka inawezekana. Mvule hapana. Nyuzi za mvule zimesukana, tabaka moja linazunguka kuelekea kushoto, lililofuata kuelekea kulia, kwa hiyo ufa ukianza juu ya mstari unajiendea unakotaka na unatokea ubavuni, umeharibu nusu ya gogo. Kabari zinahitajika, ila kazi yake ni kufuata nyuma ya chenso na kuufungua mfereji usibane baa, na ziwe za mti mgumu au plastiki, si chuma, maana cheni ikigusa chuma meno yote kwaheri.

Namna inavyofanyika ni hivi. Gogo linanyanyuliwa juu ya vigogo viwili na kuzuiwa pande zote mbili lisiviringike. Unatafuta kiini kwenye kichwa cha huku na kichwa cha kule, unashusha timazi na kuchora mstari wima kupita kiini pande zote, halafu uzi uliopakwa masizi au oili chafu unavutwa juu ya gogo kutoka mstari hadi mstari, unauinua katikati unauachia, paa, mstari umeandikika mweusi. Mapito ya kwanza ya chenso ni ya juujuu tu, sm 5 hivi, hayo ndo reli, ukiyakosea hapo hakuna kurekebisha chini. Baada ya hapo unazama. Kama baa ni ya inchi 24 haiwezi kufika chini ya gogo la sm 120, kwa hiyo unapasua mpaka karibu na kiini, unaligeuza gogo juu chini, unapasua kutokea upande wa pili hadi mifereji ikutane. Ile sekunde gogo linapofunguka, kwanza unasikia mlio wa kupasuka ndani kwa ndani, ondoka pembeni maana nusu gogo la tani moja na nusu likiamua kuviringika haliulizi mtu.

Cheni ya kazi hii inanolewa tofauti. Ya kukata kwa kukingama engo ya jino ni digrii 30 hivi. Ukiitumia hiyo kwenye vichwa vya nyuzi jino linavutwa pembeni na uso wa mbao unatoka na michirizi. Wapasuaji wanaleta engo mpaka digrii 10, karibu inyooke, mkato unatoka laini na injini haitikisiki sana. Na tupa isikae mbali, hasa kwa mvule, kwa sababu mvule una mawe. Ndiyo, mawe kweli, madini ya chokaa yanayojijenga ndani ya shina, mara nyingi pale mti ulipowahi kuumia, kwa nje huoni kitu. Unakwenda vizuri, ghafla cheche, cheni imekuwa butu kama kisu cha plastiki. Ukiona mvule una kovu la zamani, karibia pale taratibu.

Injini nayo ionewe huruma. Kukata kwa kukingama ni sekunde kadhaa halafu inapumzika, kupasua ni kukanyaga mafuta mpaka mwisho dakika kumi mfululizo, na hapo ndipo nyingi zinanoki. Mchanganyiko wa petroli na oili ya 2T usipunguzwe hata tone, mashine nyingi za sasa zinataka 50 kwa 1, yaani mili 100 za oili nzuri kwenye lita 5 za petroli. Ukimaliza pito usiizime palepale, iache ingurume taratibu kidogo ipoe. Na macho, pua na masikio vifunikwe, vumbi la mvule linawasha ngozi na kubana kifua, sio stori.

Kitu kimoja ambacho kinaniuma ni watu kutumia chenso kupasua mbao zote mpaka ya mwisho. Mfereji wa chenso unakula mm 8 hadi 10, wa msumeno wa mkanda ni mm 2 hadi 3. Ukitoa mbao za mm 25, kwa mapito kumi chenso imegeuza karibu sm 9 za mti kuwa unga, hizo ni mbao tatu na zaidi, wakati mkanda ungekula sm 3 tu. Mvule wa unene ule ulianza kuota kabla ya babu zetu. Porini ambako mashine haifiki naelewa, kule misitu ya mashariki mwa Kongo mbao zinapasuliwa kwa chenso palepale mti ulipoangukia na kubebwa kichwani hadi barabarani, hawana njia nyingine. Lakini shambani ambapo trekta linafika, mapito mawili ya chenso yanatosha kabisa kutoa robo nne, baada ya hapo chenso izimwe, robo zipelekwe mashineni zikiwa na alama ya nyundo ya misitu, yaani muhuri wa ofisi ya misitu unaogongwa kwenye mti, na kibali mkononi.