Mtoto Akilala, Wewe Unalala?

Mama aliyejifungua anapokuja kliniki, swali ninalolipa uzito ni hili: mtoto akilala, wewe unalala? Wengi hucheka kwa uchovu, maana kichwa kikigusa tu mto wameshapotea. Wachache hunyamaza na kushusha macho. Hao hukesha wakitazama dari ilhali kichanga kimelala fofofo ubavuni, na ndio ninaowahofia kuwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha.

Kichanga huamka kunyonya kila baada ya saa 2 au 3, kwa hiyo hakuna mzazi anayekwepa kukatika usingizi. Tatizo ni kwamba usingizi wa vipandevipande, hata ukijumlishwa ukafika saa 7, haumpumzishi mtu kama ule wa mfululizo. Haya yanatokea wakati homoni za estrojeni na projesteroni zimeporomoka ghafla baada ya kondo la nyuma kutoka. Uchovu unaivuta sonona, nayo sonona inaufukuza usingizi. Ndiyo maana dodoso la Edinburgh la kupima sonona baada ya kujifungua, lenye maswali 10 na linalotumika tangu 1987, lina swali la kukosa usingizi kwa sababu ya huzuni.

Machozi ya siku za mwanzo huwapata wengi na kwa kawaida huisha ndani ya wiki 2. Yakipita hapo, au mama akianza kujiona hafai, au akimbeba mwanawe bila kuhisi chochote, aje tumwone. Tafadhali msimwambie "vumilia, ndiyo uzazi." Kauli hiyo huwafunga midomo.

Mlio naye nyumbani, mpeni saa 4 au 5 za kulala bila kuamshwa. Mtoto akishashiba, baba au bibi ambebe, ambadilishe nepi, ambembeleze chumba kingine. Kama yapo maziwa yaliyokamuliwa, zamu moja ya usiku si ya mama.

Jambo moja halingoji kesho: mama asiyelala kabisa wala hahisi kuchoka, anaongea kwa kasi, anasikia sauti wasizosikia wengine, au anafikiria kujidhuru au kumdhuru mtoto. Msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.

Sonona hii inatibika, kwa ushauri nasaha na, ikibidi, dawa. Wengine huchelewa kuja wakihofu kuachishwa kunyonyesha. Zipo dawa ambazo mama huzitumia huku akiendelea kunyonyesha.